Saa inasema presha ya mama ni 118/76, kliniki inasema 172/98

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Mpemba, nafanya kazi Muscat. Mama yetu yuko Wete, ana miaka 64. Presha anayo siku nyingi, na sukari aligundulika nayo miaka minne iliyopita. Kaka yangu alimnunulia saa janja Darajani, inayoonyesha presha, sukari, oksijeni, mapigo na ECG ya moyo. Kila akitazama anakuta 118/76 au jirani ya hapo, na sukari 5.6. Amefurahi mno, na sasa nasikia anaruka vidonge vya presha kwa kuwa saa inasema yuko sawa. Juzi kliniki wamempima wakakuta 172/98. Kaka anashikilia kuwa mashine ya kliniki ndiyo mbovu. Mimi nimetenga rial 60 nimtumie kifaa cha maana zaidi. Huku madukani naona saa, pete, na vile vya kubandika mkononi vya kupima sukari. Ninunue kipi? Na Ramadhani inakuja, ameshasema atafunga.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Habari ya kununua iweke kando kidogo. Mpigie mama leo hii. Arudi kwenye vidonge vyake kama alivyoandikiwa, asimeze viwili kwa pamoja kufidia alivyoviruka, na wiki hii hii arudi kliniki na pakiti zake za dawa aseme wazi kwamba aliziacha. Hilo la mwisho ndilo wazee wetu wanaloliona zito, na ndilo lenye hatari zaidi likifichwa. Daktari asiyejua kuwa mgonjwa hakumeza dawa akiona 172/98 atadhani dawa zimeshindwa, atamwongezea. Kisha mama akiamua kuwa mtiifu na kumeza zote, za zamani na za nyongeza, presha itaporomoka, na siku moja atainuka kwenda kutia udhu aanguke.

Tuje kwa kaka. Mashine ya kliniki huweza kukosea, na mimi ni mtu wa mwisho wa kuapa kwamba haikosei; kazi yangu ni ufundi wa vifaa tiba, na vinavyokosea ndivyo vinavyonilisha. Tena mtu aliyepanda daladala, akakaa foleni, akapimwa huku anajibu maswali, presha yake hupanda. Lakini mashine ile, hata kama siku hiyo ilimwongezea kidogo, ilipima kitu. Saa imekisia.

Mpemba yeyote aliyewahi kupeleka karafuu kituoni ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, anajua tofauti ya gunia lililowekwa kwenye mizani na gunia lililotazamwa kwa jicho. Mashine ya mkono ni mizani. Tangu Scipione Riva-Rocci alipoitengeneza kule Italia mwaka 1896, msingi wake haujabadilika: mkanda unafungwa juu ya kiwiko, unajazwa upepo mpaka damu inazibwa, kisha upepo unaachiwa taratibu. Nguvu ya upepo ndani ya mkanda inajulikana. Pale damu inapoanza tena kupita ndipo namba ya juu, na pale mkanda unapoacha kuibana ndipo ya chini. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, aliongeza kusikiliza kwa kipimo cha masikioni. Mashine za betri za leo zinahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda badala ya kusikiliza. Vyovyote vile, nguvu ya damu inashindanishwa na nguvu nyingine inayojulikana.

Saa haina cha kushindanisha. Mgeuze mama mkono utaona taa za kijani mgongoni mwa saa. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo kwenye ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Moyo ukipumzika, mwanga huongezeka. Ukihesabu kupanda na kushuka huko unapata mapigo kwa dakika, na hayo kweli yamepimwa. Ndiyo sababu saa nyingi, hata za bei nafuu, zinasoma mapigo vizuri mtu akiwa ametulia. Presha lakini haimo ndani ya mwanga ule. Mtengenezaji anachukua umbo la wimbi la mapigo, anachanganya na umri, urefu na uzito ulioandikwa siku saa ilipofunguliwa, anapitisha kwenye hesabu zake, inatoka namba. Zile za bei ya chini kabisa sina hakika kama hata hesabu hiyo wanaifanya.

Na ushahidi umeshautoa mwenyewe kwenye swali lako. Presha ya mtu hai haikai 118/76 kila unapoitazama. Hushuka usiku wakati wa usingizi, hupanda alfajiri, hupanda mtu akigombana na mjukuu, hushuka baada ya dawa. Kifaa kinachotoa namba ileile, nzuri, siku zote, hakimsomi mama. Kaka akiendelea kubisha, mwambie aifunge saa yake kwenye ndizi mbivu ya mkono wa tembo. Baadhi ya saa za namna hii hutoa mapigo ya ndizi bila kusita. Isipotoa, hilo halijathibitisha kwamba inafaa, ila ikitoa mmemaliza ubishi.

Usinielewe kwamba makampuni makubwa yamelala. Samsung walipata kibali Korea Kusini mwaka 2020 cha kusoma presha kwa saa, lakini soma masharti yao: lazima kwanza uilinganishe saa na mashine ya mkanda wa mkono, na urudie kila siku 28. Maana yake hata wao wanakuambia huwezi kuachana na mkanda. Apple walipata kibali cha Marekani mwaka 2025 cha kumtahadharisha mtu mwenye dalili za presha ya kupanda. Saa hiyo haitoi namba kabisa; inatazama mwenendo wa siku 30 na ikishuku inakwambia kanunue mashine ya mkanda ujipime. Tena wameandika kuwa huduma hiyo si ya mtu ambaye tayari amegundulika na presha, kwa hiyo kwa mama yako haina la kusema. Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa presha ilitoa msimamo mwaka 2022 kuwa vifaa visivyo na mkanda visitumiwe kugundua presha wala kubadilisha dawa. Mama amebadilisha dawa kwa kutumia saa isiyofikia hata robo ya hizo.

Ipo saa iliyojaribu njia ya haki. Omron waliweka mkanda mdogo unaovimba ndani ya ukanda wa saa wenyewe, wakaiuza Marekani kuanzia 2019 kwa dola 499. Inapima kweli. Lakini ukiacha bei, mkono lazima uinuliwe usawa wa moyo kila unapopima, kwani kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8 kwenye namba. Kijana wa ofisini atalikumbuka hilo. Bi mkubwa aliyeweka mkono mapajani hatalikumbuka.

Upande wa sukari, neno langu ni fupi kwa sababu hakuna cha kupima. Hakuna. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi: watu wasitumie saa wala pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwani haikuwa imeidhinisha hata moja. Wenye viwanda wakubwa wamelifukuzia jambo hili kwa miaka mingi na fedha nyingi. Lingekuwa limepatikana, lisingeanzia kwenye boksi lisilo na jina la kiwanda. Ile 5.6 ya mama ni mapambo. Hatari yake ni kubwa kuliko ya presha, kwa sababu sukari huua kwa pande mbili: ikipanda kwa muda mrefu huharibu macho, figo na miguu, na ikishuka kwa ghafla mtu huzimia ndani ya saa moja. Saa ya mama itasema 5.6 katika hali zote mbili.

ECG unaweza kuihakiki kwa macho. ECG ni umeme wa moyo, na umeme unahitaji sehemu mbili za kuushika, moja kila upande wa moyo. Saa ya kweli ina chuma mgongoni kinachogusa mkono wa kushoto, na chuma kingine juu au ubavuni ambapo unaweka kidole cha mkono wa kulia kwa nusu dakika. Saa inayokuchorea ECG wakati mkono wa pili uko mfukoni inakuchorea picha tu. Na hata ile ya kweli inaona moyo kutoka upande mmoja. Hospitali hubandika nyaya kumi kifuani, mikononi na miguuni ili kuuona kutoka pande 12. Kwa hiyo saa haiwezi kumtoa mtu wasiwasi wa shambulio la moyo. Watengenezaji wenyewe wanaliandika hilo. Mama akibanwa na kifua, akatoka jasho la baridi, gari itafutwe bila kuangalia saa.

Oksijeni nayo ina mambo yake, na moja linawahusu hasa akina mama wa kwetu. Wazo la kupima oksijeni kwa mwanga lilitoka kwa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970: mwanga mwekundu na mwanga usioonekana hupitishwa kwenye kidole, na damu yenye oksijeni hufyonza tofauti na damu isiyo nayo. Ni kifaa kilichookoa watu wengi vyumba vya upasuaji duniani. Lakini mwanga unapita kwanza kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulilinganisha vipimo vya kidole na damu iliyochukuliwa mshipani: miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea 92 hadi 96, yaani wako salama, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa na oksijeni ya chini kwa hatari, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya weupe. Na hivyo ni vifaa vya hospitali vya kubana kidole, ambavyo mwanga wake unatoka upande wa pili. Saa inategemea mwanga uliorudi kutoka kwenye kifundo, ambako damu ni kidogo. Ongeza piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole inaweza kuzuia mwanga usipite, namba ikashuka au isitokee kabisa. Nimewahi kuitiwa kifaa "kibovu" wodini, nikakuta ni mzazi aliyetoka harusini. Hina nyekundu haina tatizo kubwa. Akiwa na piko, kipimo kiwekwe kwenye kidole kisichopakwa au kwenye ndewe ya sikio kwa kifaa chake maalumu.

Baada ya kusema yote hayo utadhani navichukia vifaa vya kuvaa. Sivichukii, na ningekuwa na mgonjwa wa moyo unaorukaruka ningetaka avae saa nzuri. Norman Holter, Mmarekani, alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1940 kurekodi moyo wa mtu anayetembea, alibeba mgongoni mzigo wa takribani kilo 38. Leo kazi hiyo inafanywa na kibandiko kifuani. Na kuna maradhi moja ambayo saa za leo zinayafaa hasa: moyo kupiga ovyo bila mpangilio, ambao hutengeneza damu ya kuganda na kuzidisha uwezekano wa kiharusi mara tano hivi. Unakuja na kuondoka. Mtu akifika hospitali umetulia, ECG inatoka safi, anarudi nyumbani. Kitu kilichofungwa mkononi usiku na mchana kina nafasi ya kuunasa. Apple waliwafuatilia watu 419,297, matokeo yakachapishwa 2019: waliotahadharishwa walikuwa asilimia 0.52 tu, na kati ya waliorudisha kibandiko cha kuhakikisha, theluthi moja hivi walikutwa nao wakati huo. Si kamili. Ila hapo saa inasoma mapigo, kitu inachokijua, haivuki mpaka kwenda kukisia.

Tanzania Bara kuna kifaa kingine cha kuvaa ambacho hakina mbwembwe na wachache wanakijua. Kinaitwa Moyo, kimetengenezwa na Laerdal ya Norway, na kimefanyiwa tafiti Muhimbili, Temeke na Haydom. Mama anayejifungua anafungwa mkanda tumboni, mapigo ya mtoto yanaonekana kwenye kioo muda wote, yakiharibika kinalia. Mkunga mmoja mwenye wazazi wengi hawezi kusikiliza kila tumbo kila baada ya muda kwa ile pembe ya kusikilizia. Mkanda unamsaidia masikio. Kifaa kile kinafanya jambo moja. Ndivyo navyovipendea vifaa vya aina hiyo, na ndiyo sababu boksi lililoandikwa vipimo saba linanitia shaka kabla sijalifungua.

Kwa mama yako, basi. Rial 60 zako nunua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, ya betri. Omron, Microlife na A&D wana za kuaminika, lakini usiangalie jina la kampuni peke yake, angalia namba ya modeli. Kuna orodha ya bure mtandaoni inayoitwa STRIDE BP ya modeli zilizopimwa kwa utaratibu unaokubalika. Modeli ikiwa haimo, iache dukani. Usichukue ya kifundo cha mkono, kwa sababu ileile ya usawa wa moyo. Nunua duka la dawa, si kwenye meza ya chaja na vifuniko vya simu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawaliulizi, na mashine nyingi zinazoletwa karakana eti zinadanganya kosa lake ndilo hili: mkanda haumtoshi mwenyewe. Mkanda wa kawaida huwa wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba hupanda kuliko ukweli, na mtu anapewa dawa asizozihitaji. Mwambie mjukuu apime mkono wa bibi kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, akutumie namba kabla hujaenda dukani. Ikizidi 32, omba mkanda mpana. Modeli nyingi huuza mkanda wa 22 hadi 42.

Namna ya kupima ndiyo nusu ya kifaa. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo, si kwenye mkeka wala kitandani, miguu ikanyage chini bila kukunjwa, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ukae juu ya ngozi. Mkono wa dera ni mpana, unapanda vizuri. Nguo ya kubana ikikunjwa juu ya mkono inakuwa kamba, bora aivue. Atulie dakika tano. Asiwe ametoka kunywa kahawa ndani ya nusu saa, na haja ndogo aende kwanza. Wakati mkanda unavimba asiseme neno, na hapo ndipo patakuwa na kazi, kwani simu yako ya Muscat itaingia wakati huo huo. Apime mara mbili, dakika moja katikati, ziandikwe zote mbili. Asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai na kabla ya dawa. Usiku kabla ya kulala. Afanye hivyo siku saba mfululizo, za siku ya kwanza zitupwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Nyumbani wastani ukifika 135/85 au kupita, presha haijadhibitiwa, na daftari hilo apelekewe daktari. Likikosekana daftari, picha ya kioo cha mashine kwenye WhatsApp yako inatosha, na wewe ukiwa mbali utakuwa unaona mwenyewe badala ya kusimuliwa "nzuri tu, alhamdulillah".

Baada ya hapo asipime kila saa. Kuna wazee wanaojipima mpaka presha inapanda kwa wasiwasi wa kupima. Siku chache kila mwezi, au kabla ya kliniki, inatosha. Ikitokea namba 180/120 au zaidi, atulie dakika tano arudie. Ikibaki hapo pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, uso kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, Wete kwanza, na wao watajua kama wampeleke hospitali ya Chake Chake au ya Abdulla Mzee. Bila dalili hizo, aonane na daktari siku hiyo hiyo.

Mashine nyingi za modeli hizo zina alama inayowaka mapigo yakiwa hayana mpangilio. Ikiwaka mara moja usijali, pengine alisogea. Ikiwaka mara kwa mara, mwambie daktari amwandikie ECG kamili ya hospitali. Mama ana umri na ana presha, vitu viwili vinavyoleta ule moyo wa ovyo niliousema. Hapo ndipo, baada ya ECG na kwa ushauri wa daktari, fedha za saa nzuri zinaweza kuwa na maana. Sasa hivi hazina.

Saa aliyonayo si lazima itupwe. Iondolewe mkononi mwa mama apewe kijana wa kuhesabu hatua. Kabla ya hapo ifutwe ile programu yake kwenye simu. Nyingi za programu hizo zinataka kuona majina yote ya simu, mahali ulipo na picha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajika kupimia mapigo.

Fedha zinazobaki nunua mashine ya sukari ya kutoboa kidole, na kabla ya kuchagua uliza kama stripu zake, vile vipande vya kuwekea tone la damu, zinapatikana Pemba. Hili ni muhimu kuliko mashine yenyewe. Nimeona mashine nzuri kutoka Ulaya na Ghuba zimelala kabatini kwa sababu stripu zake haziuzwi hata Mjini. Mpigieni kwanza mwenye duka la dawa la Wete, anunuliwe mashine inayotumia stripu anazouza yeye. Kopo la stripu lifungwe kila mara. Unyevu wetu huu huziharibu, na stripu iliyoharibika inatoa namba bila aibu.

Vibandiko vya sukari ulivyoviona si uongo. Vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi ya nyuma ya mkono na kupima sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, mchana na usiku. FreeStyle Libre, iliyoanza kuuzwa Ulaya 2014, hukaa siku 14, na ile ya kwanza ilikuwa inasomwa kwa kusogeza simu au kisomeo chake tu. Ni hatua kubwa kweli, na mtu wa insulini ambaye sukari yake hushuka usiku namshauri aitafute akiweza. Lakini kibandiko ni cha kutumia na kutupa: kila wiki mbili kipya, 26 kwa mwaka. Namba yake huwa nyuma ya damu kwa dakika tano hadi kumi, hivyo sukari ikishuka kwa kasi, kidole ndicho kinachosema kweli. Vitamini C kwa dozi kubwa hupandisha namba kwenye baadhi ya vibandiko hivyo. Na jasho la Pemba na gundi havielewani. Mama kama anatumia vidonge tu, sukari aliyonayo itaonekana vya kutosha kwa kidole na kwa kipimo cha HbA1c cha kliniki, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi.

Ramadhani ndiyo pekee inayoweza kunibadilisha kauli, na inategemea anameza nini. Uliza jina la dawa. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka hatarini. Glibenclamide, ambayo wazee wengi wanaitumia, inashusha, na insulini inashusha. Mwenye hizo anaweza kuporomoka alasiri, saa chache kabla ya magharibi, wakati nyumba nzima iko jikoni na yeye anadhaniwa amelala. Miongozo ya kimataifa ya sukari na Ramadhani inataka mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla, ambayo ni kuanzia Rajabu, ili dozi na saa zake vipangwe upya. Wengine huambiwa wasifunge kabisa. Akiambiwa hivyo, wewe uliye mbali usimtie moyo wa kukaidi.

Akiruhusiwa, ajipime kidole mchana wa saumu: katikati ya asubuhi, adhuhuri, alasiri, na wakati wowote akijisikia kutetemeka, jasho au kichwa kuwa chepesi. Miongozo hiyo hiyo inasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Akiwa na wasiwasi amuulize sheikh wake mapema, asisubiri siku yenyewe. Sukari ikiwa chini ya 3.9 afungue hapo hapo kwa kitu kitamu, hata kama adhana imebaki robo saa. Ikipita 16.7 pia afungue. Kama daktari ataona anafaa kufunga ila ana wasiwasi na alasiri, basi vibandiko viwili vya siku 14 vinatosha karibu mwezi wote, na hapo ningekubali uvinunue. Cha kwanza kibandikwe siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama ili mjukuu azoee kukisoma. Hakikisha simu ya nyumbani inakipokea kibandiko cha modeli hiyo kabla hujalipa Muscat, maana si kila simu inakipokea, na kibandiko kikishafunguliwa hakirudishwi dukani.